Mgonjwa wa Ini Mwenye Sukari: Jua Kadiri ya Ugonjwa Wake

Tuseme jirani anagonga mlango wako saa kumi na moja ya alfajiri. Anakuita kwa sababu baba wa nyumba yake ameamka vibaya. Unakwenda mbio. Unamkuta ameketi kando ya kitanda, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, naye anaita majina ya watu waliokufa zamani. Tumbo lake ni kubwa, lakini mikono yake imekonda. Watu wote wanajua kwamba ana ugonjwa wa ini, tena ana ugonjwa wa sukari. Mmoja wa waliosimama mlangoni asema, "Amekunywa tena." Mwingine asema, "Amerogwa." Wa tatu ni mzee wa kanisa, mtu mwenye moyo mwema. Yeye asema, "Leo tufunge chakula, naye afunge pamoja nasi, tumwombee."

Wewe ungefanya nini?

Jibu ni hili. Kama anaweza kumeza, apewe kwanza sukari iliyokorogwa katika maji, mara moja, kabla ya maneno mengine. Kisha apelekwe hospitali. Usidhani kwamba ni jambo dogo. Vijiko vitatu vya sukari vinaweza kuokoa uhai wake asubuhi ile, na siku moja ya kufunga inaweza kumwua. Tutaeleza sababu yake, nawe uwaeleze wengine nyumbani.

Kazi ya ini

Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima uzito wake ni kilo moja na nusu hivi. Fikiri ghala ya kijiji pamoja na mlinzi wake. Ndivyo lilivyo ini. Damu inayotoka matumboni na chakula hupita kwanza katika ini.

Ini hufanya kazi nyingi. Tutaje tano tu.

Kwanza, huweka akiba ya sukari. Usiku, wakati usipokula, huitoa kidogo kidogo ili ubongo upate nguvu.

Pili, huondoa katika damu rangi ya manjano inayotoka kwa chembe za damu zilizochakaa, na kuitia katika nyongo.

Tatu, hutengeneza albumini. Hiyo ni protini inayozuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa.

Nne, hutengeneza vitu vya kugandisha damu, ili ukijikata damu isizidi kutoka.

Tano, husafisha sumu zinazotoka matumboni, zisifike kwenye ubongo.

Kumbuka kazi hizo tano. Kila moja ikiharibika, huonyesha alama yake.

Ini linapopata makovu

Ini likijeruhiwa mara moja, hupona. Lakini likijeruhiwa kila siku kwa miaka mingi, makovu huchukua mahali pa nyama yake nzima. Ini huwa gumu na lenye vinundu. Waganga wa hospitali huita hali hiyo sirosisi.

Mambo gani hulijeruhi? Pombe hulijeruhi, hasa pombe kali kama lotoko. Virusi vya hepatiti B na hepatiti C hulijeruhi. Mafuta yanayojaa ndani ya ini hulijeruhi pia, na mara nyingi hutokea kwa mtu mnene au mwenye ugonjwa wa sukari. Kwa hiyo usimwambie kila mgonjwa wa ini kwamba ni mlevi. Wako ambao hawakuonja pombe hata siku moja. Walipata hepatiti B kwa mama zao walipozaliwa, au kwa sindano na wembe usio safi. Watu hawa hubeba mizigo miwili: ugonjwa, na aibu wasiyostahili.

Damu ikitaka kupita katika ini gumu, huzuiwa kama mto uliozibwa na magugu. Maji hutafuta njia nyingine. Mengine hukusanyika tumboni. Damu nayo hupita katika mishipa midogo ya koo la chakula, na mishipa hiyo huvimba. Siku moja inaweza kupasuka, na mtu akatapika damu.

Lakini angalia! Si kila tumbo kubwa ni sirosisi. Bilharzia ya matumbo, kifua kikuu kilichoingia tumboni, ugonjwa wa moyo na ugonjwa wa figo huweza kulijaza tumbo maji vilevile, na kila mmoja una dawa yake. Basi usijipimie ugonjwa nyumbani. Nenda ukapimwe.

Mambo matano ya kupima

Watu wawili wanaweza kuwa na sirosisi, mmoja analima shamba lake, na mwenzake hawezi kuondoka kitandani. Jina la ugonjwa ni moja, lakini uzito wake si mmoja. Waganga wanawezaje kujua kadiri yake?

Mwaka 1964 wapasuaji wawili wa Marekani, Child na Turcotte, waliandika njia ya kupima. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wa London waliitengeneza vizuri zaidi. Hata leo waganga wa nchi nyingi hutumia njia hiyo. Hutazama mambo matano. Kila jambo hupewa alama 1 likiwa jema, alama 2 likiwa baya kidogo, alama 3 likiwa baya sana.

1. Rangi ya manjano katika damu, iitwayo bilirubini. Ikiwa chini ya miligramu 2 katika desilita moja ya damu, ni alama 1. Kutoka 2 hata 3, alama 2. Ikipita 3, alama 3. Wewe huiona katika weupe wa macho.

2. Albumini. Ikipita gramu 3,5 katika desilita, ni alama 1. Kutoka 2,8 hata 3,5, alama 2. Ikiwa chini ya 2,8, alama 3.

3. Kuganda kwa damu. Kipimo chake huitwa INR. Kikiwa chini ya 1,7, ni alama 1. Kutoka 1,7 hata 2,3, alama 2. Kikipita 2,3, alama 3.

4. Maji ya tumboni. Yasipokuwako, ni alama 1. Yakiwa kidogo, au yakitii dawa, alama 2. Yakiwa mengi na kuishinda dawa, alama 3.

5. Akili. Ikiwa safi, ni alama 1. Akisahausahau, akilala mchana na kukesha usiku, alama 2. Akiwa amevurugika kabisa au haamki, alama 3.

Kisha alama zote hujumlishwa. Jumla ya 5 au 6 ni daraja A. Jumla ya 7 hata 9 ni daraja B. Jumla ya 10 hata 15 ni daraja C. Katika daraja A ini lina makovu lakini bado linafanya kazi yake, na wagonjwa wengi huishi miaka mingi. Katika daraja B ini limeanza kushindwa. Daraja C ni hatari kubwa. Wengi hawamalizi mwaka kama hali yao haikubadilika.

Hesabu hii si hukumu

Tufanye hesabu ya baba yule tuliyemtaja, kama alivyokuwa siku ya kwanza alipofika hospitalini. Bilirubini yake ni 2,5: alama 2. Albumini ni 3,0: alama 2. INR ni 1,5: alama 1. Ana maji kidogo tumboni: alama 2. Akili yake ni safi: alama 1. Jumla ni 8. Yuko katika daraja B.

Je, atabaki hapo siku zote? Hapana. Akiacha pombe kabisa, akimeza dawa na kula vizuri, baada ya miezi mingi huenda bilirubini itashuka kuwa 1,8 na maji ya tumboni yataondoka. Hesabu tena: 1, na 2, na 1, na 1, na 1. Jumla ni 6. Amerudi daraja A. Makovu hayakufutika, lakini sehemu iliyobaki nzima imepata nafasi ya kufanya kazi. Vilevile akirudia lotoko, atashuka upesi kuliko alivyopanda.

Kwa hiyo, ndugu mgonjwa, unapokwenda hospitalini, usiulize tu, "Ugonjwa wangu unaitwaje?" Uliza, "Niko daraja gani leo?" Iandike tarehe na jumla ya alama. Baada ya miezi kadha, uliza tena. Ndipo utajua kama unapanda au unashuka.

Ugonjwa wa sukari ukiwa pamoja nao

Sasa turudi kwa sukari. Tumesema kwamba ini ni ghala ya sukari. Katika sirosisi ghala hiyo imeharibika pande mbili. Ukila, ini haliwezi kupokea sukari yote, nayo hubaki nyingi katika damu. Usipokula, ghala haina akiba ya kutosha, na sukari hushuka mno, hasa alfajiri. Basi mtu yule yule anaweza kuwa na sukari nyingi jioni na kukosa sukari kabla ya jua kutoka. Ndilo jambo lililompata baba yule.

Vidonge vingine vya sukari huongeza hatari hiyo. Kidonge kiitwacho glibenklamidi kinaweza kuishusha sukari kwa saa nyingi. Metifomini humfaa mgonjwa wa daraja A ambaye figo zake ni nzima, lakini ini likishindwa kabisa, au figo zikiharibika, huweza kuitia damu asidi mbaya. Mgonjwa wa daraja C mara nyingi hutibiwa kwa insulini, na kadiri yake hupunguzwa au kuongezwa na mganga. Usiiache dawa yako kwa sababu ya maneno haya. Lakini mwulize mganga, "Dawa hii yafaa kwa ini langu lilivyo leo?" Dawa iliyofaa mwaka jana pengine haifai sasa.

Tena kuna kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi mitatu iliyopita, kiitwacho HbA1c. Kwa mgonjwa wa sirosisi kipimo hicho huweza kudanganya, kwa sababu chembe zake za damu hazidumu siku zake zote. Huonyesha namba nzuri, kumbe sukari ni nyingi. Kuchomwa kidole na kupima damu ya siku ile hutegemewa zaidi.

Alfajiri ile

Akili ya mgonjwa huyu ikivurugika, sababu yaweza kuwa sukari imeshuka, au sumu ambazo ini halikusafisha zimefika kwenye ubongo. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Ukiwa na mashine ya sukari, pima. Ikiwa chini ya miligramu 70, imeshuka mno. Ukiwa huna mashine, usingoje. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, umpe anywe. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Hata akipata nafuu, apelekwe hospitali, maana sukari iliyoshuka mara moja huweza kushuka tena.

Kama hawezi kumeza au haamki, usimtie kitu kinywani, asije akapaliwa. Mlaze ubavu, mbebe, mpeleke upesi.

Kama ni sumu za ini, mganga atatafuta kilichozileta: kufunga choo, homa, kutokwa na damu, kuharisha, au dawa za usingizi. Huweza kumpa laktulosi. Hiyo ni dawa tamu ya maji inayolainisha choo ili sumu zitoke. Mgonjwa aende choo laini mara 2 au 3 kwa siku.

Chakula chake

Mgonjwa huyu asifunge chakula, wala kwa maombi wala kwa sababu nyingine. Wazee wa kanisa, mwambieni wazi, asione haya mbele ya wenzake. Maombi yenu yaendelee, yeye ale.

Asilale njaa. Kabla ya kulala ale kitu: kiazi kitamu kimoja pamoja na karanga, au kikombe cha uji wa mahindi na soya. Chakula hicho cha usiku ni akiba badala ya ile ambayo ini haliwezi kuweka. Asubuhi ale mapema. Mchana ale mara nyingi, kidogo kidogo, kuliko kula mlima mmoja wa ugali jioni.

Zamani waganga waliwakataza wagonjwa hawa kula nyama, samaki na mayai. Leo tunajua kwamba walikosea. Mwili ukikosa protini, hula nyama yake wenyewe. Ndiyo maana mikono ya baba yule imekonda. Ale mayai, maharagi, samaki wadogo na soya kila siku. Sombe na lengalenga vinafaa.

Apunguze chumvi. Chumvi hushika maji tumboni. Kwa siku nzima isipite kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Makayabo yana chumvi nyingi sana, na vidonge vya kutia ladha katika mchuzi vivyo hivyo. Tumia kitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu.

Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yatupwe. Ukungu ule una sumu iletayo kansa ya ini, na kuupika hakuiondoi sumu yake. Pombe iachwe yote, hata ile inayoitwa nyepesi. Lakini aliyekuwa anakunywa sana kila siku aache kwa msaada wa mganga, maana kuacha ghafula kunaweza kuleta degedege.

Dawa za kuogopa

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huuzwa sokoni kama karanga. Kwa mgonjwa wa sirosisi huharibu figo na kuleta damu. Akiumwa kichwa, anaweza kumeza parasetamoli, lakini asipite vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku. Mizizi na majani ya kienyeji, mengine huua ini. Kama umeyatumia, mwambie mganga bila kuficha. Vidonge vya kukojoza maji, kama spironolaktoni na furosemidi, vimezwe kwa kadiri iliyoandikwa tu. Insulini iwekwe mahali pa baridi. Kama hakuna barafu, weka chupa ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha katika chungu cha udongo chenye maji, kivulini.

Daftari la nyumbani

Nunua daftari dogo. Kila asubuhi mgonjwa aandike mambo matatu: uzito wake, sukari yake kama kuna mashine, na jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Mbona jina? Kwa sababu sumu zikianza kufika kwenye ubongo, mara nyingi mwandiko huharibika kabla ya maneno kuharibika. Herufi hupanda na kushuka. Mke wake au mtoto atalinganisha jina la leo na la juma lililopita. Tena mwambie anyoshe mikono mbele na kuinua viganja, kama anayesimamisha gari. Vikipigapiga kama mabawa, mpeleke hospitali.

Uzito ukiongezeka kilo 2 kwa siku chache, maji yanarudi. Mjulishe muuguzi.

Nenda hospitali siku ile ile, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya: kutapika damu, choo cheusi kama lami, homa au maumivu ya tumbo lenye maji, akili kuvurugika, mkojo kupungua sana.

Watu wa nyumba yake

Kama ugonjwa ulitoka kwa hepatiti B, mke na watoto wapimwe. Wasio na virusi wapewe chanjo. Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila mtoto apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Hepatiti B haiponi upesi, lakini kuna vidonge vya kuituliza. Hepatiti C huponywa karibu kila mara kwa vidonge vya majuma 8 au 12. Wala usiogope kumsalimu mgonjwa kwa mkono, wala kula naye sahani moja. Virusi hivyo havipiti kwa njia hiyo. Hupita kwa damu, kwa kulala pamoja, na kwa mama kumpa mtoto anapozaliwa. Usitumie wembe wake wala mswaki wake.

Maswali ya kujiuliza

1. Taja kazi tano za ini.
2. Mgonjwa mwenye jumla ya alama 9 yuko daraja gani?
3. Kwa nini sukari ya mgonjwa wa sirosisi hushuka alfajiri?
4. Nyumbani mwako sukari huwekwa wapi? Je, mtoto mkubwa anaweza kuipata gizani?
5. Katika kusanyiko lenu yuko mgonjwa anayefunga chakula kwa kuona haya? Nani atakwenda kumwambia juma hili?